Ubainishaji wa Kipokezi cha Seli za Kinga za Nguruwe: Uhakiki wa Istilahi

Katika kazi ya istilahi ziko sentensi fupi ambazo humtoa mfasiri jasho kuliko sura nzima ya kitabu. Mojawapo ni ile inayorudi mara kwa mara katika vichwa vya makala za utabibu wa mifugo, ambayo huarifu kwamba wataalamu wamekichunguza kitu fulani kilicho juu ya seli zinazoulinda mwili wa nguruwe: kimeumbwaje, kimekaa juu ya seli zipi, na kinanasa nini. Ikifasiriwa kwa mazoea tuliyo nayo, sentensi hiyo huelekea kutoka hivi: "Kutambulisha mpokeaji wa uso wa seli ya kingamwili katika nguruwe." Kila neno lililomo ni la Kiswahili, na hakuna kosa la sarufi lililo wazi. Hata hivyo, anayeisoma haambiwi kitu. Twakusudia kuihakiki sentensi hii, kwa sababu makosa yake si yake peke yake, na kwa sababu mwisho wa makosa hayo ni hasara ya mifugo.

Ili uhakiki usielee hewani, tumeamua kumweka mbele yetu msomaji wa mahali maalumu: Bwana Mifugo, au mwalimu wa biolojia, au mtendaji wa kata aliyeko Bungu, katika Wilaya ya Kibiti, kando ya barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara. Wakazi wengi wa huko ni Waislamu, na nguruwe anayejulikana na kila mtu si wa bandani, bali ni yule wa porini aingiaye usiku katika mihogo na mahindi na kumkesha mkulima. Msomaji wa mahali kama hapo ni kipimo kizuri, kwa kuwa hana mazoea ya banda yatakayomsaidia kukisia maana. Akielewa, ameelewa kutokana na maneno tu.

Tuanze na neno dogo kabisa, "katika". Lugha tunazofasiri kutoka kwazo huweka kihusishi cha mahali pale ambapo Kiswahili humiliki. Seli ni za nguruwe, ugonjwa ni wa nguruwe, damu ni ya nguruwe. "Kipokezi katika nguruwe" humfanya msomaji aone kitu kilichoingizwa ndani ya mnyama, kama risasi au minyoo. Kosa hili ni jepesi kusahihishwa, lakini limeenea mno hata limeanza kupewa heshima ya mtindo wa kitaalamu.

"Kutambulisha" nalo ni la mikutano. Hutambulishwa mgeni rasmi, akasimama, akapunga mkono, akaketi. Anachofanya mtaalamu wa maabara ni kubainisha, yaani kukiweka kitu bayana kwa sifa zake hata kisichanganywe na kingine. Wengine hutumia "kuainisha", ambalo ni neno zuri lakini lina kazi yake: kuainisha ni kupanga kwa aina, na kazi hiyo huja baada ya kubainisha. Tutaona hapo chini kwamba tofauti hii si ya urembo.

Sasa tufike kwenye kiini, "mpokeaji". Ngeli ya kwanza ni ya wenye uhai na hiari. Mpokeaji ni mtu apokeaye barua, mshahara au mgeni. Kinachozungumzwa hapa ni protini, na hakina hiari. Wapo waliopendekeza "kipokeo", wakisahau kwamba washairi walitangulia kulichukua neno hilo: kipokeo ni mstari unaorudiwa mwishoni mwa kila ubeti. Mwalimu wa sekondari afundishaye biolojia asubuhi na ushairi mchana atalazimika kuwaeleza wanafunzi wake kwa nini seli ina mistari ya kuitikia. "Kipokezi", wingi "vipokezi", ndilo linalofaa. Limo katika ngeli ya vifaa, limeundwa kwa mzizi unaojulikana, na linazaa. Kwa mfano, kile kinachoshikwa na kipokezi chaweza kuitwa "kipokelewa", nasi tunalitoa neno hilo hapa kama rai, badala ya kukopa jina la kigeni lisilomwambia mwanafunzi chochote. Watakaosema kwamba kipokezi ni cha mawimbi ya redio hatubishani nao. Mtu hawezi kukuta redio juu ya seli akababaika.

Limebaki "mlango", linalopendwa sana na waandishi wa vijitabu vya afya. Kwa mwalimu aliye mbele ya ubao tunaliruhusu, maana mfano ni chombo cha mwalimu. Kama istilahi tunalikataa kwa sababu mbili. Kwanza, viko vipokezi vingi visivyoingiza kitu: hushika kipelekwacho nje, kikapeleka habari ndani, na kisichotakiwa kikabaki huko huko nje. Pili, mlango hubeba ndani yake dhana kwamba aliyeingia alikusudiwa kuingia. Hakuna seli iliyojijengea mlango wa virusi. Protini iitwayo CD163, ambayo tutaizungumza kwa kirefu, ina kazi yake halali juu ya makrofaji, zile seli kubwa zinazokula takataka na vijidudu mwilini: huikamata himoglobini iliyomwagika kutoka katika chembe nyekundu za damu ikiwa imeshikana na protini nyingine, ikaondolewa isije ikadhuru. Virusi hupitia hapo kama mwizi apitiaye dirishani. Kuita dirisha "njia ya wezi" ni kumpa mwizi hati ya nyumba.

Kuhusu "uso wa seli" hatuna neno la kuongeza, ila tahadhari moja. Kiswahili husema uso wa bahari na uso wa dunia, hivyo uso wa seli ni sahihi. Lakini pindi mfasiri anapofupisha akaandika "kipokezi cha usoni", nguruwe wetu amepata kitu puani. Na sifa hiyo isiachwe, kwa kuwa viko vipokezi vilivyomo ndani ya seli, mathalani vya baadhi ya homoni.

Neno lenye madhara zaidi katika sentensi ile ni "kingamwili". Tangu ugonjwa wa UKIMWI ulipopewa jina hilo katika miaka ya 1980, kila Mtanzania anajua kwamba mwili una kinga na kwamba kinga yaweza kupungua. Neno lenyewe ni tajiri kuliko tunavyokumbuka. Kukinga ni kuzuia pigo kwa ngao, na pia ni kutega chombo ili kipokee, kama tukingavyo maji ya mvua kwa ndoo. Mwili hufanya yote mawili. Baadaye likaundwa "kingamwili" kwa ajili ya zile protini maalumu zinazotengenezwa na mwili kupambana na kijidudu fulani, na wakati wa maradhi ya UVIKO-19 neno hilo lilisikika kila siku redioni. Ni istilahi njema ikiachwa mahali pake. Shida ni kwamba "kinga ya mwili" na "kingamwili" hutofautiana kwa silabi moja, na waandishi huyabadilisha kama visawe. "Seli ya kingamwili" ni nini? Ni seli yoyote ya kinga, au ni ile tu itengenezayo kingamwili? Makrofaji ni ya kundi la kwanza na si ya kundi la pili. Twashauri: kinga ni hali na mfumo, kingamwili ni protini, na seli ziitwe seli za kinga.

Hapa patazuka swali: je, haya si mambo ya maabara, mbali na mwananchi? Hapana. Mwananchi anacho kipokezi kimoja mdomoni kwa zaidi ya miaka ishirini. Matibabu ya dawa za kupunguza makali ya UKIMWI yalipoanza kutolewa bure nchini, mwaka 2004, wagonjwa walifundishwa kufuatilia kipimo cha CD4. Kuanzia mijini hadi zahanati za vijijini ukasikia: "CD4 zangu zimepanda," "ana CD4 mia mbili". CD4 ni protini iliyo juu ya aina fulani ya seli nyeupe, na mwaka 1984 ilionyeshwa kuwa ndiyo ishikwayo na virusi vya UKIMWI. Mgonjwa anayesema CD4 zake ni mia mbili anahesabu seli, si protini, naye kwa haja yake anasema sawa. Jina la alama limechukua nafasi ya mwenye alama, kama makuli waitwavyo kwa namba za mikokoteni yao.

Lakini mfasiri wa habari za nguruwe akiufuata usemi huu atapotea mara moja. Nguruwe ni mnyama wa ajabu katika jambo hili: damu yake ina seli nyingi zenye CD4 na CD8 kwa pamoja, hali ambayo katika damu ya binadamu ni nadra. Basi "seli ya CD4" na "seli ya CD8" kwa nguruwe si makundi mawili yaliyotengana, na mwenye kuhesabu kwa mtindo wa zahanati atahesabu seli ile ile mara mbili. Iandikwe "seli yenye CD4", "seli yenye CD4 na CD8". Kivumishi kifupi hiki, "-enye", kinafanya kazi ambayo aya nzima ya maelezo isingeifanya.

Na herufi hizo, CD, zifasiriwe? Tunasema zisifasiriwe. Zilikubaliwa na wataalamu waliokutana Paris mwaka 1982, walipokuwa na kingamwili nyingi za maabara ambazo kila mmoja alizipa jina lake. Kingamwili zilizoonekana kushika kitu kimoja ziliwekwa fungu moja, na fungu likapewa namba. Kwa hiyo CD haisemi lolote kuhusu kazi ya kitu chenyewe. Ni alama ya rafu. Aliyeifasiri kuwa "kundi la utofautishaji" amefasiri kibandiko cha rafu akidhani amefasiri kitabu.

Kwa upande wa nguruwe, mkutano wa kwanza wa aina hiyo ulifanyika Budapest mwaka 1992. Pale ilipothibitika kwamba protini ya nguruwe inalingana na ya binadamu, ilipewa namba ile ile ya CD. Pale ilipokuwa haijathibitika, ilipewa herufi SWC na namba ya muda. Hili ni jambo ambalo watu wa pwani hawahitaji kufundishwa: mtoto huwa na jina la utotoni hadi litakapopatikana la ukubwani. SWC3 ilipobainishwa vizuri iligeuka kuwa CD172a. Hiyo ndiyo sababu tulisema kubainisha hutangulia kuainisha. Nairobi nako, katika maabara ya kimataifa ya magonjwa ya mifugo iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya ndigana kali na nagana, kingamwili nyingi zilitengenezwa za kutambua seli za ng'ombe, zikapewa majina ya IL-A na namba: IL-A11 ni ya CD4, IL-A51 ni ya CD8. Zingali zinatumika duniani kwa majina hayo ya Nairobi. Mfasiri akutanaye na IL-A11 ajue kwamba hiyo ni kingamwili, wala si kipokezi. Moja ni kidole, nyingine ni kinachoonyeshwa.

Tumefika mahali penye uzito. "Kipokezi cha virusi fulani" si jina tu, ni dai. Huwezi kuliandika mpaka mtu amethibitisha. CD163 yatupa mfano ulio kamili. Uko ugonjwa wa nguruwe unaoharibu mimba na kushambulia mapafu, uletwao na virusi vyake maalumu. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba nguruwe waliozaliwa bila CD163 hawaambukizwi ugonjwa huo. Mwaka uliofuata wenzao wa Edinburgh waliondoa kipande kimoja tu, cha tano kati ya vipande tisa vya protini hiyo, wakapata matokeo ya namna hiyo. Mwezi Aprili 2025 Marekani iliidhinisha nguruwe waliohaririwa jeni kwa njia hii waingie katika chakula cha watu. Hapo CD163 yastahili kuitwa kipokezi cha virusi hivyo bila wasiwasi.

Upande wa pili ni Homa ya Nguruwe ya Afrika. Mwaka 2003 watafiti wa Hispania waliona kwamba kingamwili inayoshika CD163 huzuia virusi vya homa hiyo kuambukiza makrofaji katika maabara, na ikawa rahisi kuandika kwamba CD163 ndiyo kipokezi chake. Mwaka 2017 nguruwe wasio na CD163 waliambukizwa virusi hivyo kwa makusudi ya utafiti. Waliugua na kufa kama wenzao. Dai likaanguka.

Sasa mfasiri mwenye haraka akutane na habari ya nguruwe wa Marekani. Ugonjwa ule wa mimba na mapafu hauna jina la Kiswahili lililozoeleka. Ataandika nini? Ataandika "homa ya nguruwe", kwa kuwa ndilo lililopo. Na Bwana Mifugo atasoma kwamba wamepatikana nguruwe wasiopatwa na homa ya nguruwe kwa sababu wamenyimwa kipokezi chake. Katika nchi ambayo homa hiyo iliingia Kyela mwaka 2010 na hatimaye ikafika hata Dar es Salaam, na ambayo haina tiba ya ugonjwa huo, sentensi moja ya namna hiyo yatosha kumfanya mfugaji alegeze uzio wake.

Jina hilo limekwisha kutuletea balaa. Mwaka 2009 mafua ya H1N1 yalipoenea duniani, magazeti yetu mengi yaliyaita homa ya nguruwe. Shirika la Afya Duniani liliacha kuyahusisha na nguruwe katika jina mwishoni mwa Aprili mwaka huo huo, lakini Kiswahili kiliendelea. Matokeo yake ni magonjwa matatu chini ya jina moja: mafua ambayo huwapata watu na hushika sukari zilizo juu ya seli, ugonjwa wa mimba na mapafu ushikao CD163, na homa ya Afrika, ambayo haimwambukizi binadamu kamwe, na ambayo kipokezi chake hakijathibitishwa na yeyote. Tunapendekeza mafua yaitwe mafua, ugonjwa wa pili uitwe "ugonjwa wa mimba na mapafu ya nguruwe", na homa ibaki ni Homa ya Nguruwe ya Afrika, jina lisifupishwe katika maandiko ya serikali.

Na iandikwe "ya Afrika". Tumekwisha kuona "homa ya nguruwe wa Afrika", na herufi moja hiyo imegeuza ukweli juu chini. Homa ndiyo ya Afrika: ilielezwa mara ya kwanza na Montgomery, mwaka 1921, kutokana na yale aliyoyaona Kenya, ambako nguruwe walioletwa kutoka Ulaya walikuwa wakifa. Nguruwe wa Afrika, yaani ngiri na nguruwe mwitu, ndio hasa wasiokufa. Upatanisho wa kisarufi hapa umebeba elimu yote ya ugonjwa.

Hilo laturudisha Bungu. Mtendaji wa kata anayesoma neno "nguruwe" peke yake atamwona yule wa mihogoni, na ataambiwa kwamba nguruwe hufa kwa wingi, ilhali wake hafi. Basi ataamini kwamba habari hiyo haimhusu. Kinyume chake ndicho kibaya zaidi: waandishi husema ngiri na nguruwe mwitu "wana kinga" dhidi ya homa hiyo. Msomaji ataelewa kwamba hawana ugonjwa, kwa hiyo nyama yao na makombo yake hayana hatari. Ukweli ni kwamba wanabeba virusi bila kuugua. Lugha inayo maneno ya kutenganisha hali hizi, tena ya zamani: mkinzani ni yule asiyeingiliwa, mstahimilivu ni yule aliyeingiliwa akavumilia. Nguruwe wasio na CD163 ni wakinzani wa ugonjwa wa mimba na mapafu. Ngiri ni mstahimilivu wa homa. Mwindaji aliyeelezwa hivyo hatatupa mifupa ya nguruwe mwitu karibu na banda la mtu, kama liko.

Twataja pia, kwa ufupi, mdudu anayesambaza virusi hivyo. Mwaka 1969 Plowright na wenzake walitangaza kwamba wamevikuta katika wadudu waliokusanywa ndani ya mashimo ya wanyama hapa Tanzania. Tafsiri za siku hizi humwita mdudu huyo "kupe laini". Sijui ni nani asiyemjua papasi! Wazee wetu walilala naye katika nyufa za kuta za udongo na wakaugua homa ya papasi. Kumwacha papasi tukamchukua "kupe laini" ni kununua maji mtoni.

Sentensi yetu basi isomeke: "Ubainishaji wa kipokezi kilicho juu ya seli za kinga za nguruwe." Ikiwa andiko lahusu CD163, iongezwe "za nguruwe wa kufugwa" ili wa Bungu wasimfikirie mwingine. Kuhusu matamshi, walimu wametuuliza kama namba isomwe mia moja sitini na tatu. Ikisomwa hivyo mwanafunzi hudhani viko vitu mia moja sitini na vitatu juu ya seli. Isomwe tarakimu moja moja, kama namba ya gari: sidi, moja, sita, tatu.